Umepanga chumba? Hivi ndivyo unavyoweza kutunza mazingira kuanzia jikoni kwako

Mashauri mengi ya kutunza mazingira humfaa mtu mwenye nyumba yake: weka sola juu ya paa, panda miti uani, nunua friji jipya. Wengi wetu hapa Dar es Salaam tumepanga. Mimi nina vyumba viwili Mbagala. Uani tuko familia kadhaa, bomba moja, choo kimoja, LUKU moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Paa si langu, na mti siwezi kuupanda bila ruhusa ya mama mwenye nyumba. Lakini moto ninaopikia ni wangu, na taka zinazotoka jikoni kwangu ni zangu, na kwa familia kama yangu hivyo viwili vina uzito kuliko vingine vyote. Nitavieleza kwa kirefu. Mengine nitayagusia tu.

Moto

Mkaa tunaonunua huku unatoka Rufiji, Kisarawe, Kilwa, Kilosa, hata mbali zaidi. Miti inakatwa, inapangwa, inafukiwa kwa udongo na kuchomwa taratibu. Katika tanuri la kienyeji, kilo 1 ya mkaa inakula kati ya kilo 5 na 10 za kuni. Piga hesabu hiyo kila unapobeba debe. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, na lengo lake ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Ni lengo ninaloliunga mkono kwa moyo wote. Ila mwenzangu ambaye leo ana hela ya kopo la mkaa tu, naye ana la kufanya leo hii.

Kwanza jiko lenyewe. Jiko la bati tupu linapasha uwanja mzima. Nunua lenye udongo ndani, lile tunaloita jiko banifu, na usilinunue kwa kuangalia rangi. Pitisha kidole kwenye udongo uhakikishe hauna ufa, litikise usikie kama udongo umekaa imara kwenye bati, kisha fungua na kufunga kimlango cha chini. Kimlango hicho ndicho kinachokusaidia kubana mkaa: chakula kikishachemka, kifunge kibaki uwazi mdogo tu. Ukimaliza kupika, mkaa uliobaki uhamishie kwa koleo kwenye kopo la bati lenye mfuniko. Unakosa hewa, unazimika, na kesho unawashia huohuo. Haya yote yafanyike nje. Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala hata siku ya baridi, maana gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Pili, mfuniko. Sufuria ya maharage iliyoachwa wazi inamaliza mkaa kwa kuchemshia hewa, na usipokuwa na mfuniko wake, sahani ya bati inatosha.

Tatu, loweka. Maharage, kunde, mahindi ya makande, vyote vilale majini usiku kucha. Kuna wanaotia magadi ili maharage yalainike upesi. Ni kweli yanalainika, lakini magadi yanaharibu vitamini B1, na ukishaloweka vizuri huyahitaji.

Nne ni kapu la kupikia, na hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo vipande vya vitambaa kwangu haviishi, na ndivyo vilivyojaza kapu langu. Kazi ya kapu ni kuzuia joto lisitoke. Chakula kikishachemka unakitoa motoni, unakifukia kapuni, nacho kinaendelea kuiva chenyewe bila mkaa wala gesi.

Tafuta kapu la ukili kubwa, ambalo ukiweka sufuria katikati pande zote panabaki nafasi ya upana wa kiganja. Boksi gumu au ndoo kubwa iliyopasuka pia inafaa. Chukua kanga iliyochakaa au kitambaa kingine cha pamba ushone mito mitatu: wa mviringo wa kukaa chini, mrefu wa kuzunguka ubavuni, na mnene wa kufunika juu. Ijaze vipande vya nguo ulivyovikatakata vidogo, na usivishindilie. Kinachoshika joto ni hewa iliyonaswa kati ya vipande, na ukishindilia unaifukuza. Mto wa juu ujae kuliko mingine, kwa sababu joto hukimbilia juu. Kitambaa kinachogusa sufuria kiwe pamba tupu. Nailoni na sponji vinaweza kuyeyuka sufuria ikitoka motoni. Asiye na cherehani ashone kwa mkono, au akunje blanketi kuukuu mara kadhaa ndani ya kapu.

Sasa maharage. Asubuhi mwaga maji uliyolowekea, osha, weka maji mapya yapite juu ya maharage kwa vidole viwili. Funika, chemsha. Yakianza kutokota kwa nguvu, yaache yatokote hivyo dakika 20. Usifupishe hapo. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayotapisha na kuharisha, na inayoiondoa ni kutokota kwa nguvu. Joto la kapuni peke yake haliiwezi. Baada ya hapo, bila kufunua, toa sufuria, futa masizi, ishushe kapuni, bonyeza mto wa juu ukae vizuri, uondoke. Kwa muda wa saa 3 au 4 usiguse. Ukifunua ili uonje, joto lote limetoka na itabidi uchemshe upya. Muda wake ukifika, sufuria inatakiwa iwe bado haishikiki kwa mkono mtupu. Chemsha tena wakati wa kuunga kwa nazi, mle. Chakula kisiachwe kapuni mpaka kesho yake, kwa sababu kikishakuwa vuguvugu kinaharibika.

Makande ni hivyo hivyo, ila yachemke nusu saa kabla ya kuingia kapuni. Wali unataka maji pungufu kidogo kuliko ulivyozoea, kwa kuwa mvuke hautoki. Uchemshe dakika 5, kisha kapuni saa nzima, na hutaona ukoko. Choroko ni rahisi kuliko vyote. Sufuria ijae walau theluthi mbili, kwa sababu chakula kidogo hupoa haraka. Ugali, chapati na vya kukaanga havipikwi huku.

Kuna moto mwingine tunaoupoteza bila kujua, nao ni wa maji ya kunywa. Wengi tumelelewa tukiambiwa tuchemshe dakika 15 au 20. Kwa mji wa pwani kama huu, maji yakitokota kwa nguvu dakika 1 yanatosha. Vijidudu vya kuharisha vimeshakufa. Ndugu zetu wanaoishi juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari waache dakika 3, kwa sababu huko maji huchemka kabla hayajapata moto sana. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi.

Na jua je? Chukua chupa za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, uzioshe vizuri, ujaze maji yasiyo na tope, uzilaze juu ya bati penye jua kali kwa saa 6. Siku za mawingu ziache siku 2 mfululizo. Miale ya jua inaua vijidudu. Haiondoi chumvi wala kemikali, kwa hiyo maji ya kisima yaliyochafuka kwa vitu hivyo hayatengenezeki kwa njia hii.

Ukipata uwezo wa kuhama kutoka kwenye mkaa, hama. Gesi bado ni mafuta ya kutoka ardhini, lakini hakuna mti uliokatwa na macho ya watoto hayawashi. Jiko la presha la umeme watu wanaliogopa wakidhani linafyonza LUKU. Kifaa cha wati 1,000 kikivuta mfululizo saa nzima kinakula uniti 1. Jiko la presha halivuti mfululizo: likishapata joto linajizima, joto likishuka linajiwasha. Sufuria ya maharage inaiva kabla ya uniti 1 kwisha. Linganisha na bei ya mkaa ambao ungeuchoma kwa maharage hayohayo, kisha uamue.

Taka za jikoni

Mimina ndoo yako ya taka juu ya gazeti siku moja uichambue. Utaona maganda ya ndizi, maganda ya viazi, mashina ya mchicha, machicha ya nazi. Vinavyooza ndivyo vingi. Vikifungwa kwenye kiroba na kufikishwa dampo la Pugu Kinyamwezi, vinaozea chini ya lundo bila hewa na kutoa methani, gesi inayoipasha dunia joto mara nyingi zaidi ya kaboni dioksidi. Vikiozea kwako penye hewa, vinakuwa mboji.

Huhitaji shamba. Unahitaji ndoo mbili za rangi za lita 20, zile ambazo mafundi rangi wakimaliza kazi huziacha, ukizisugua rangi yote itoke. Pasha msumari moto, toboa matundu chini na ubavuni, ziweke juu ya matofali penye kivuli, na chini yake weka beseni la kukinga majimaji. Sakafuni mwa ndoo tandaza maranda ya mbao kama vidole vinne. Maranda ukiyaomba kwa fundi seremala atakushukuru kwa kumpunguzia kazi ya kufagia, na ukiwa jirani na Keko hayana mwisho. Kisha kila jioni mwaga maganda ya siku hiyo, uyakatekate kama ni makubwa, na uyafunike kwa maranda, majani makavu au boksi lililochanwachanwa. Kipimo changu: kopo moja la maganda, makopo mawili ya vitu vikavu. Kila wiki geuza kwa kijiti ili hewa ipite.

Namna ya kujua kama inakwenda sawa ni kuishika. Chukua konzi moja, ukamue kwa nguvu. Likidondoka tone moja au mawili, safi. Maji yakichuruzika, ongeza vikavu ugeuze. Konzi ikisambaratika kama vumbi, nyunyiza maji. Harufu ya yai viza maana yake hewa imekosekana. Inzi wadogo wakijaa, hukufunika vizuri.

Usitie mifupa, vichwa vya samaki wala mafuta ya kupikia. Panya watakuja na majirani watalalamika kwa haki. Mabaki ya dagaa mpe paka. Machicha ya nazi yana mafuta, yakiwa mengi yanachacha, kwa hiyo mimi huyapeleka kwa jirani anayefuga kuku. Kifuu hakiozi leo wala kesho, kitumie kuwashia jiko, na makumbi yakisaidia kusugua masufuria. Majivu ya mkaa weka kidogo tu.

Ndoo ya kwanza ikijaa iache itulie, anza ya pili. Kwa joto la Dar, miezi 2 hadi 3 inatosha. Mboji iliyoiva ni nyeusi, inanukia udongo baada ya mvua, na ganda hulioni tena.

Ichanganye nusu kwa nusu na udongo, jaza kwenye kiroba cha unga kilichotobolewa chini, panda matembele. Mbegu hununui: fungu la matembele ukilileta toka sokoni, chagua vikonyo vyenye vifundo vitatu au vinne, chomeka vifundo viwili viingie udongoni, mwagilia asubuhi na jioni mpaka vishike. Baada ya wiki 4 hadi 6 unaanza kuchuma, na ukichuma ncha yanazidi kutawanyika. Maji ya kuoshea mchele yapeleke hapo. Maji ya kufulia yenye jiki hapana.

Taka kavu zikibaki peke yake ni chache na hazinuki. Chupa za plastiki zitenge kwenye kiroba chao, uwape vijana na akina mama wanaozikusanya na kuziuza kwa kilo. Zikiwa safi na zimebanwa, umewapunguzia kazi kubwa. Ukiwakuta mlangoni, waamkie, waulize wanachohitaji, maana hawa ndio wanaosafisha jiji hili kuliko sisi sote.

Nakuomba mambo mawili usiyafanye. Usichome plastiki uani: moshi wake una sumu, dioksini mojawapo, na wanaouvuta kwanza ni watoto wanaocheza hapohapo. Na usisubiri mvua ya masika ndipo ufungue kiroba cha taka mtaroni. Nimeona watu wazima wakifanya hivyo usiku kana kwamba maji yanapeleka taka kusikojulikana. Yanazipeleka kwa mtu. Wakazi wa bonde la Msimbazi na Jangwani wanajua kila mwaka zinapofikia. Pampasi ndizo hatari zaidi, kwa sababu zinafyonza maji, zinavimba na kuziba karavati. Kama una mtoto mchanga, mshonee nepi za kitambaa za mchana, ubakize pampasi kwa safari na usiku. Fulana kuukuu za pamba, mikunjo mitatu, zinafyonza vizuri. Pedi za kufua nazo nashona kwa namna hiyohiyo: pamba juu, flana katikati, na kitambaa kisichopitisha maji chini. Zifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani, si kufichwa uvunguni.

Sokoni

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia 1 Juni 2019, na tofauti ilionekana mitaroni. Lakini ile mifuko mbadala ya rangi rangi nayo imetengenezwa kwa plastiki. Ukiichukua mpya kila safari, hatujafika mbali. Weka mmoja umekunjwa kwenye pochi siku zote, au rudi kwenye kapu la ukili kama mama zetu. Nenda na bakuli lenye mfuniko kwa samaki na nyama, hotipoti kwa chipsi. Mafuta ya kula nanunua ya kupima kwa chupa yangu mwenyewe. Muuza duka mara ya kwanza anashangaa, mara ya pili anapokea chupa bila neno.

Maji na umeme vya pamoja

Oktoba 2022 mto Ruvu ulipungua mpaka jiji likaingia kwenye mgao wa maji, na ndoo zikawa zinapigiwa foleni usiku. Mvua nayo ikija tunaitazama inavyopita. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 20, ni lita 800, na hata ukitoa zinazorukia nje na kupotea unabaki na zaidi ya 600. Mwombeni mama mwenye nyumba kwa heshima ruhusa ya kufunga mfereji upande mmoja tu, mkichangia wenyewe, wetu hakukataa. Maji ya dakika za mwanzo yaacheni yamwagike, yameosha vumbi na kinyesi cha ndege. Yanayofuata ni ya kufulia, kudeki na chooni. Pipa lifunikwe kwa chandarua kilichobanwa kwa mpira. Mwaka 2019 homa ya dengi ilisambaa sana Dar es Salaam, na mbu wake huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama nyumbani kama hayo.

Maji ya suuza ya mwisho ya kufua yana kazi mbili mbele yake, kudeki na kumwaga chooni. Hilo halihitaji maelezo.

Umeme wa LUKU ya pamoja huleta maneno, na maneno hayo yanaisha kwa kuandika namba. Chukueni daftari, muandike uniti zilizobaki kwenye mita jioni na asubuhi. Asubuhi moja mkikuta zimeshuka kuliko kawaida wakati watu walikuwa wamelala, tafuteni: mara nyingi ni friji lenye mpira wa mlango uliolegea. Ufungie noti mlangoni, uivute. Ikitoka kirahisi, mpira umechoka, fundi anaubadilisha bila friji kutupwa. Pasi ipigwe nguo za wiki nzima kwa mkupuo mmoja, ukianza na nyepesi wakati inapata moto na kumalizia na nyepesi tena baada ya kuichomoa. Sisi mafundi cherehani tunafanya hivyo kila siku.

Na ile koki ya uani inayodondoka, ambayo kila mpangaji anangoja mwenzake aisemee, weka ndoo chini yake usiku, asubuhi waonyesheni wote. Huhitaji fundi. Funga koki kubwa ya kwenye mita ya maji, fungua kichwa cha koki mbovu kwa spana, toa kimpira kilicholika, nenda nacho dukani ili upewe kinacholingana, rudishia, kaza bila kukaza kupita kiasi, kisha fungulia maji taratibu na uangalie kama bado panadondoka.